Mdhamini wa shule si mwenye shule

Kila mara elimu ya nchi hii inapofanyiwa mageuzi, mjadala huanzia kwenye idadi ya miaka, wingi wa masomo na gharama ya vitabu. Mambo hayo yana uzito wake, na hakuna mzazi asiyeyajali. Lakini lipo jambo jingine ambalo aghalabu huzungumzwa pembeni, kwa sauti ya chini, na kuachwa hadi litakapozua zogo kwenye lango la shule. Jambo hilo ni nafasi ya dini katika elimu. Maoni yangu ni kwamba dini ina haki ya kuketi pamoja nasi tunapoitengeneza elimu upya, ila isikalie kiti cha mwenye nyumba. Kipimo cha kujua kama imekaa mahali pake ni hali ya yule mwanafunzi ambaye imani yake si imani ya mdhamini wa shule.

Suala hili limekuwa la dharura zaidi kuliko ilivyokuwa hapo awali. Kundi la kwanza la Mtaala wa Umilisi lilifanya mtihani wa gredi ya 9 mwaka 2025, na mwaka 2026 likaingia Sekondari Pevu. Mwanafunzi hupangiwa shule kwa kutazama alama zake, mkondo wa masomo aliouchagua na nafasi zilizopo. Chukua mfano wa mtoto wa Mata, huko Taveta, karibu na Ziwa Jipe, ambako mtu akiinua macho huiona milima ya Upare ng'ambo ya mpaka. Kwao, Mtaveta, Mtaita, Mpare na Mkamba ni majirani, na miongoni mwao wamo Wakristo wa madhehebu mbalimbali na Waislamu. Wanazikana, wanaoana, wanakopeshana chumvi. Mtoto huyo anapopelekwa shule ya bweni mbali na kwao, huenda akajikuta mahali ambapo jina la shule, wimbo wa shule na ibada ya asubuhi vyote ni vya dhehebu asilolijua. Ni nani aliyemweleza mapema haki yake ni ipi, na wajibu wake ni upi?

Haiwezekani kulijadili jambo hili kwa haki bila kwanza kukiri deni. Katika Taita na Taveta, shule ililetwa na dini. Mmisionari J. A. Wray wa shirika la CMS alifika Sagalla mwaka 1883. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu wakafungua misheni yao Bura mwaka 1892. Taveta nako, katika miaka hiyo ya 1890, CMS ilikuwa na kituo chake Mahoo, na mwaka 1895 misheni hiyo ikaanza kutoa gazeti lililoitwa Taveta Chronicle, kabla reli haijafika Voi. Watu waliojifunza kusoma na kuandika katika vituo hivyo ndio waliokuja kuwa walimu, makarani na wauguzi wa kwanza wa sehemu hizi. Anayetaka dini ifukuzwe shuleni kana kwamba ni mgeni aliyeingia bila kubisha hodi, basi hajui nyumba hiyo ilijengwa na nani.

Hata hivyo, deni hilo lilikuwa na riba yake. Katika siku hizo kusoma na kubatizwa vilikuwa njia moja. Miongoni mwa Wakikuyu, mtu wa misheni na mtu aliyekwenda shule waliitwa kwa neno moja, athomi, yaani wasomaji. Aliyetaka alifabeti alipewa na katekisimu. Mzazi Mwislamu wa pwani aliyeshauriwa ampeleke mwanawe katika shule ya misheni alielewa vizuri anachoombwa. Wengi walikataa, si kwa kuichukia hesabu au jiografia, bali kwa kuogopa kumpoteza mtoto. Hofu hiyo ilizinyima jamii nzima nzima vizazi kadhaa vya elimu ya kisasa, na madhara yake hayajaisha.

Wala isidhaniwe kwamba Waislamu wenyewe waliridhika na hali hiyo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alitumia kalamu yake kuwahimiza Waislamu wasiiache elimu ya dunia, na wasiwaache nyuma watoto wa kike. Hakuona kwamba dini na elimu ni maadui. Alichopinga ni elimu inayomtoza mtoto imani yake kama karo. Hoja hiyo ingali na maana hadi leo, na inamhusu Mkristo, Mwislamu, Mhindu na asiye na dini sawasawa.

Baada ya uhuru, serikali ilijaribu kuyarekebisha haya. Tume iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde, iliyotoa ripoti yake mwaka 1964, ilisema kwamba shule za umma ni za taifa, na kwamba haziwezi kutumikia dhehebu moja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikalipa jambo hilo nguvu. Makanisa yaliyokuwa wasimamizi wa shule yakawa wadhamini. Serikali ikabeba mzigo wa walimu na mtaala; makanisa yakabakiziwa ushauri na malezi ya kiroho. Ulikuwa mwafaka wa busara, ingawa maneno yake yaliachwa wazi kiasi kwamba kila upande uliyasoma kwa miwani yake.

Ng'ambo ya Ziwa Jipe, jirani zetu walifuata njia nyingine. Tanzania ilipitisha Sheria ya Elimu mwaka 1969, na kwa sheria hiyo shule nyingi za makanisa na za jumuiya nyinginezo zikataifishwa. Shabaha moja ilikuwa kuziba pengo kati ya Wakristo, waliokuwa na shule nyingi, na Waislamu, waliokuwa na chache. Lakini miaka ilivyopita, serikali iligundua kwamba haiwezi peke yake. Mwaka 1992 ilitia saini mkataba wa maelewano na makanisa kuhusu huduma za jamii, mkataba ambao Waislamu wengi wameulalamikia wakisema unapendelea upande mmoja. Kwa hiyo Kenya iliyowaacha wadhamini, na Tanzania iliyowaondoa kisha ikawarudia, zote mbili zimekutana na swali lile lile. Kutaifisha jengo ni kazi ya siku moja. Kuwafanya watu wa imani mbalimbali waamini kwamba shule ni yao wote ni kazi ya miaka.

Tutazame sasa sheria yetu inavyosema. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinaeleza kazi za mdhamini. Ana haki ya kutoa mapendekezo kuhusu mtaala na vitabu. Ana wawakilishi watatu katika bodi ya usimamizi ya shule. Anaweza kuteua kasisi au mlezi wa kiroho, kwa gharama yake mwenyewe. Anatakiwa kukuza maisha ya kiroho huku akilinda imani ya wale wasio wa dhehebu lake. Mwisho, anatarajiwa kusaidia kwa fedha na majengo. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 32, inasema kwamba mtu asinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yake, wala asilazimishwe kutenda jambo linalokwenda kinyume na imani hiyo.

Walimu wenzetu watakubali kwamba katika orodha hiyo ya kazi za mdhamini, baadhi hukumbukwa kwa haraka na nyingine husahauliwa. Viti vya bodi havisahauliki. Kinachosahaulika ni yale maneno kwamba kasisi alipwe na mdhamini, kwamba majengo yasaidiwe, na hasa kwamba imani ya wengine ilindwe. Mara ngapi tumesikia habari za waumini waliofunga lango la shule kwa kufuli kwa sababu mwalimu mkuu aliyetumwa na Tume ya Kuajiri Walimu si wa dhehebu lao? Mwalimu huyo huenda ana shahada, uzoefu na sifa njema. Kosa lake ni kwamba Jumapili huenda kanisa jingine. Wanafunzi husimama uani wakitazama watu wazima wakigombania funguo, na somo wanalojifunza asubuhi hiyo halimo katika silabasi yoyote.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote ulitoka Isiolo. Katika shule ya St. Paul's Kiwanjani, inayodhaminiwa na Kanisa la Methodisti, mzozo ulizuka kuhusu wasichana Waislamu kuvaa hijabu pamoja na sare ya shule. Kesi ilipanda kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufaa, ambayo mwaka 2016 iliamua kwamba wasichana hao waruhusiwe. Januari 2019, Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo, kwa sababu ya njia ambayo madai yalivyofikishwa mahakamani. Swali lenyewe likabaki likining'inia. Mwaka huo huo wa 2019, Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba msichana wa imani ya Rastafari asizuiwe kusoma kwa sababu ya nywele zake. Hivyo basi mwalimu mkuu wa leo ana hukumu mkononi, lakini hana mwongozo ulio wazi wa kumwambia afanye nini Jumatatu asubuhi mwanafunzi mpya anapofika na mtandio wake. Kuwaachia majaji kazi hii, kesi baada ya kesi, ni kuwafanya watoto kuwa mashahidi badala ya wanafunzi.

Wapo wanaosema dawa ni kuiondoa dini shuleni kabisa, ifundishwe nyumbani, kanisani na msikitini. Hoja yao si ya kubezwa. Hata hivyo, tumewahi kujaribu kutafuta mbadala. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza maadili yafundishwe kama somo linalojitegemea, na miaka ya 1980 likaja somo la Elimu ya Jamii na Maadili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 somo hilo liliondolewa, na mambo yake yakagawiwa masomo mengine, likiwemo somo la dini lenyewe. Vijana wetu wengi wamezaliwa katika nyumba ambamo neno haki na neno Mungu hutamkwa kwa pumzi moja. Kuwafundisha la kwanza huku la pili limefungiwa nje si rahisi kama inavyoonekana kwenye karatasi.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Mwezi wa Aprili 2023 nchi nzima ilisimama kwa fadhaa miili ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na idadi yake ikapita 400. Mhubiri anayehusishwa na msiba huo, Paul Mackenzie, alikuwa amekamatwa tangu mwaka 2017 kwa tuhuma za kuwafundisha watu kwamba shule ni uovu. Watoto walitolewa madarasani kwanza. Mengine yalifuata baadaye. Dini iliyofukuzwa darasani haifi. Huenda ikahamia mahali ambapo hakuna mwalimu aliyehitimu, hakuna mkaguzi, hakuna mzazi mwingine wa kuuliza, na hakuna mwanafunzi anayethubutu kuinua mkono. Somo la dini linalofundishwa vizuri, peupe, na mwalimu anayekubali kuulizwa, ni kinga dhidi ya wale wanaotaka kuaminiwa pasipo kuulizwa. Kwa sababu hii peke yake singependa tulitupe.

Lakini nasema linalofundishwa vizuri. Sote tunafahamu jinsi somo hili lilivyogeuzwa. Mwanafunzi hukariri sifa tano za nabii fulani na sababu sita za jambo fulani, apate alama, kisha asahau. Wengi wamelichagua kwa kuwa husemekana ni jepesi. Sasa katika sekondari ya msingi, baada ya masomo kupunguzwa hadi 9, elimu ya dini imebaki kuwa ya lazima, na katika Sekondari Pevu imekuwa ya kuchaguliwa. Tukiendelea kuifundisha kwa kukariri, wale wa sekondari ya msingi wataichoka, na wale wa juu hawataichagua. Mtihani wa somo la dini ungefaa umtake mwanafunzi kupima jambo: ni kwa nini mtu mwema wa imani hii hukubaliana na mtu mwema wa imani ile kuhusu rushwa, na kwa nini hutofautiana kuhusu jambo jingine?

Wadhamini nao wana hoja yao, tena wana haki ya kusikilizwa. Husema: ardhi ni yetu, kuta tulizijenga sisi, iweje leo tuambiwe ni wageni? Ni kweli kwamba serikali mara nyingi huyakumbuka makanisa na misikiti inapohitaji darasa jipya, na kuyasahau inapoketi kuamua. Lakini tusisahau kwamba mshahara wa mwalimu hulipwa kwa kodi ya Mwislamu na Mkristo, ya mwenye shamba la migomba Taveta na mwenye duka Voi. Aliyetoa ardhi anastahili heshima na shukrani. Hastahili kuuliza watoto wa wenzake wanasali vipi kabla ya kuwafungulia mlango.

Isitoshe, heshima ya kweli ya dini katika historia ya elimu yetu haikutokana na viti vya bodi. Ilitokana na kuwaona watoto ambao hakuna mwingine aliyewaona. Jeshi la Wokovu lilifungua shule ya vipofu huko Thika mwaka 1946, wakati ambapo wengi waliamini kipofu kazi yake ni kuomba njiani. Mombasa, miaka ya 1980, Bi. Swafiya Said alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shule za awali za madrasa, zilizounganisha mafunzo ya Kurani na michezo, lugha na hesabu za watoto wadogo, kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Mtindo huo ukasambaa hadi Zanzibar na Uganda. Hayo yalikuwa mageuzi ya elimu yaliyofanywa na dini bila kumnyang'anya mtu chochote. Dkt. James Aggrey, ambaye shule ya upili iliyoko Wundanyi inaitwa kwa jina lake, alikuwa mchungaji na pia mwalimu, na alifika Afrika Mashariki mwaka 1924 pamoja na Tume ya Phelps-Stokes. Hakuona haja ya kuchagua kati ya kazi zake mbili.

Ni nini basi kifanyike? Kwanza, kila shule ya bweni itoe maandishi yanayoeleza kanuni zake za mavazi, ibada, mfungo na chakula, na maandishi hayo yamfikie mzazi kabla mwanafunzi hajaripoti. Wizara ya Elimu iweke kiwango ambacho hakuna shule ya umma itakayoshuka chini yake. Kanuni inayojulikana mapema haizui mzozo kama ile inayogunduliwa langoni.

Pili, mtaala umetenga kipindi kimoja cha juma kwa ajili ya malezi ya kiroho. Kipindi hicho kiwe cha kila mtoto. Pale ambapo wanafunzi Waislamu ni wachache, mwalimu wa madrasa aliye jirani aalikwe kwa ratiba na kwa barua ya shule. Pale ambapo Wakristo ndio wachache, mchungaji aalikwe vivyo hivyo. Haifai wanafunzi wa imani moja wafundishwe huku wengine wakitumwa kufagia uwanja. Kadhalika, Tume ya Kuajiri Walimu ikumbuke kwamba haki ya kuchagua Elimu ya Dini ya Kiislamu ni maneno matupu ikiwa shule haina mwalimu wa kuifundisha.

Tatu, uteuzi wa mwalimu mkuu ufuate uwezo na rekodi ya kazi. Mdhamini aombwe maoni, nayo yasikilizwe kwa adabu, lakini yasiwe kufuli. Jopokazi la Rais lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, lililoteuliwa mwaka 2022, lilipokea maoni kutoka kila pembe ya nchi, yakiwemo ya viongozi wa dini. Ikiwa wameombwa ushauri kuhusu elimu ya taifa zima, hawana sababu ya kupigania mlango wa shule moja.

Nne, kila mwanafunzi afundishwe walau misingi ya imani ya jirani yake. Mkristo ajue kwa nini mwenzake amefunga mwezi wa Ramadhani, na Mwislamu ajue Kwaresima ni nini. Kuijua imani ya mwenzako hakukupotezei yako. Mtu asiyemjua jirani yake ndiye anayedanganyika kwa urahisi kuhusu jirani huyo.

Walimu, sehemu kubwa ya haya imo mikononi mwenu, wala haingoji waraka kutoka Nairobi. Mwalimu wa zamu ndiye anayeamua kama ibada ya asubuhi itasema "sisi" kwa maana ya shule nzima au kwa maana ya waumini wa dhehebu lake. Nanyi wanafunzi, mnapomwona mwenzenu ameketi peke yake wakati wa sala, msimcheke wala msimvute kwa nguvu. Mwulizeni kwao wanasali vipi, mumsikilize.

Katika mikutano ya bodi itakayofanyika muhula huu, wajumbe watajadili karo, madawati na matokeo ya mitihani. Naomba mwenyekiti aongeze swali moja katika ajenda, na jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu: katika shule hii, mwanafunzi asiye wa imani ya mdhamini hufanya nini, hukaa wapi, na hufundishwa na nani wakati wenzake wanaposali? Bodi itakayokosa jibu haijaanza bado mageuzi ya elimu, hata kama vitabu vyote vipya vimekwisha kufika.